Wote wa Kiume

Nyumbani, 3 Februari

Mume wangu,

Najua utashangaa kupata bahasha badala ya simu. Lakini kila nikikupigia unanijibu "ndiyo", "sawa", "tutaongea", na nyuma yako nasikia wenzako wakibishana juu ya mpira. Nimeelewa. Chumba cha vitanda vingi si mahali pa kuzungumzia mambo yetu. Dereva wa lori la saruji amekubali kuwa tarishi wetu, maana nyumba yetu iko njiani kwake akija huko darajani mnakojenga. Haya, tuandikiane kama wachumba.

Habari zenyewe ni hizi. Upasuaji wako haukuwa bure. Mbegu walizokuwa wakizitafuta kwa darubini walizipata, chache, lakini walizipata, wakaziingiza mojamoja ndani ya mayai yangu. Mayai matano yamekuwa viinitete. Nilionyeshwa kwenye skrini. Kila kimoja ni kiduara tu, kama tone la maji juu ya lenzi ambayo sijaifuta. Nilisimama nikivitazama mpaka dada wa maabara akaniletea kiti.

Wamechukua chembe kidogo kutoka kwa kila kimoja kwenda kuzipima, na vyenyewe wamevigandisha kusubiri majibu. Wanataka kujua kama kromosomu zimekamilika. Lakini vipimo hivyo vitaonyesha pia kipi ni cha kike na kipi ni cha kiume. Daktari akanieleza upya, polepole, kana kwamba hatujawahi kuambiwa: kile kipande kinachokosekana kwako kiko kwenye kromosomu ambayo baba humpa mtoto wa kiume peke yake. Binti yako hawezi kurithi pengo hilo. Mwanao wa kiume atalirithi, hana pa kulikwepea, na akiwa mtu mzima atahangaika kupata mtoto kama sisi. Halafu akaniuliza, "Mngependa tuwaache wa kiume?"

Nikamwambia nitaongea na mwenzangu.

Nimelifikiria swali hilo dukani huku nikikata lenzi, nimelifikiria nikipiga pasi. Naona tuchague wa kike. Sitaki mtoto apite tulikopita. Niambie wewe unaonaje.

Mama yako alikuja Jumapili. Alikagua jiko, akakagua chumba, akauliza kama bado nanyanyua vitu vizito kazini. Nikamwambia, "Mama, miwani haina uzito." Hakucheka. Akasema wanawake wa mtaani kwake wanamuuliza kama mwanawe alioa mke au alioa fundi. Nilikuahidi sitafungua mdomo mpaka utakapokuwa tayari, na sijaufungua. Ila usisahau kwamba ahadi hiyo inamkaba mtu.

Watoto wa hapa mtaani bado wananiita Mama Miwani. Siku nyingi napenda. Siku nyingine nafunga dirisha.

Mkeo

* * *

Kambini, 14 Februari

Mke wangu,

Barua imefika ikiwa na vumbi la saruji. Huku upepo umetusimamisha. Kreni haipandishi mzigo upepo ukiwa hivi, kwa hiyo tunakaa chini tunapiga soga. Wenzangu wote wanaitwa Baba Fulani. Mimi kwa urefu wangu, na kwa kuwa nashinda juu, wananiita Ghorofa.

Kuhusu swali la daktari, nimelisoma nikalirudia. Anauliza kama waachwe wale watakaokuwa kama mimi. Nawe umejibu waachwe. Mama yangu angeulizwa swali hilo, nisingekuwepo kukusumbua.

Fanya unavyoona. Wewe ndiye unayechomwa sindano.

Habari ya Mama, nipe muda.

Mumeo

* * *

Nyumbani, 22 Februari

Mume wangu,

Barua yako niliisomea dukani, na matokeo yake nimeharibu lenzi ya mwalimu mmoja mstaafu, ikabidi nimwombe arudi kesho. Aliniuliza kama nimefiwa.

Sikiliza. Sikusema mtu kama wewe aachwe. Nilichotaka kiachwe ni ule ukumbi wa kusubiri. Unaukumbuka? Wanaume wamekaa wakitazama viatu vyao, wake zao wanajifanya wanasoma magazeti. Unamkumbuka yule daktari wa kwanza, aliyekuambia "hakuna kitu" bila kuinua macho, ukamuuliza, "Hakuna kitu wapi?" Ulirudi nyumbani ukalala na viatu miguuni. Baadaye ukaanza kuniambia niende nikatafute mume mwingine, na ulikuwa ukiniambia kwa adabu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nilikuwa nakaa bafuni na maji yakimwagika ili usinisikie. Hayo ndiyo nisiyotaka mwanangu ayapate. Kama umesikia nimekudharau, basi umesikia sauti nyingine, si yangu.

Halafu unaandika kwamba mimi ndiye ninayechomwa sindano. Na wewe ulilala chini ya kisu. Siku ile ulimtania daktari wa usingizi kwamba meza yao ni fupi, miguu yako inaning'inia. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nilikusikia, nikasema moyoni, huyu ndiye wangu. Tulianza wawili. Usiniache peke yangu katikati halafu uniambie umenipa uhuru.

Mama yako amekuja tena. Ameniuliza kama kwetu kuna mwanamke mwingine aliye "hivi". Nikamwambia dada zangu wote wana watoto. Akasema, "Basi ni wewe tu." Nikammiminia chai.

Nijibu.

Mkeo

* * *

Nyumbani, 12 Machi

Mume wangu,

Dereva wa lori anasema u mzima, unakula vizuri, na kwamba barua yangu alikukabidhi mkononi. Sawa. Leo siandiki kukulaumu. Majibu yametoka.

Viinitete viwili vina kasoro kubwa, haviwezi kuwa mtoto. Hivyo havitapandikizwa. Vitatu ni vizima. Wote wa kiume.

Nimeandika "wote", sikuandika "vyote". Naona kalamu imeshaamua.

Daktari alipomaliza kusema, mimi nikataka kucheka. Tumenuniana muda wote huu kwa ajili ya binti ambaye hayupo! Sasa swali ni jingine kabisa: mmoja wa hawa, au basi.

Nilimuuliza daktari, "Wewe ungefanyaje?" Akasema hilo haliwezi kujibiwa na yeye. Nikamwambia basi anieleze maisha ya kijana huyo yatakavyokuwa. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Hataumwa popote. Siku zake hazitapungua kwa sababu hii. Atakimbia, atafeli hesabu, atapenda mtu. Siku atakapotaka mtoto, atahitaji msaada kama nyinyi, na huenda siku hiyo tutakuwa tunajua zaidi ya leo. Huenda. Siwaahidi." Nilipenda kwamba hakuahidi.

Mimi namtaka. Nimeshangaa jinsi moyo ulivyogeuka haraka. Nilipokuwa nadhani yuko binti, kijana alikuwa jambo la kujadiliwa. Nilipoambiwa ni yeye tu, nilianza kumtetea pale pale kitini.

Lakini sitamleta duniani mtoto ambaye baba yake akimtazama ataona adhabu. Daktari hatafanya lolote bila kauli yako, na mimi hata angekubali, nisingemruhusu. Niandikie. Hata kama ni matusi, andika.

Mkeo

* * *

Kambini, 21 Machi

Mke wangu,

Si matusi. Nilikaa kimya kwa sababu kila nikianza kuandika anatokea mtu nisiyempenda.

Nikueleze kilichotokea. Jumapili tulikuwa mtoni tunafua, mimi na fundi chuma mmoja tunayemwita Baba Mapacha, mtu wa maneno machache. Akaniuliza tu, kama anauliza saa, "Ghorofa, wewe huna mtoto?" Kila siku huwa nasema "bado". Safari hii nikasema, "Sina. Tatizo liko kwangu, si kwa mke wangu." Mke wangu, sijawahi kulisema jambo hilo mbele ya mtu asiyevaa koti jeupe. Masikio yaliwaka moto. Nikangoja acheke, au aanze kunionea huruma, maana huruma ndiyo mbaya zaidi. Akaendelea kusugua kola ya shati lake. Kisha akasema, "Pole sana. Nisogezee hiyo sabuni."

Nikamsogezea. Ndiyo hivyo tu. Tukafua mpaka tukamaliza.

Kesho yake nikiwa juu kwenye kreni, mzigo wa chini ukicheleweshwa, nikajiuliza swali la daktari, lakini nikajiuliza juu yangu mwenyewe. Ningependa nisingezaliwa? Nilitaka kujibu kwa hasira, ila nikiwa kule juu sina wa kumkomoa. Jibu ni hapana. Nilifurahia utoto wangu. Nafurahia kazi yangu. Nikiitua nguzo mahali pake bila kuwagusa walio chini, siku nzima natembea kama mfalme. Nilikupata wewe. Kilichonivunja si hilo pengo. Kilichonivunja ni kulijua ghafla, mtu mzima, katika ukumbi wa watu wanaotazama viatu, na kuamini kwamba mimi ndiye wa kwanza duniani. Halafu nikakuficha nyuma yangu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimejificha nyuma yako.

Kijana huyu hatakuwa wa kwanza. Atakuwa na baba anayeijua njia.

Namtaka. Waambie namtaka.

Nimeomba ruhusa na wamenipa. Sitaanzia nyumbani, usikasirike. Nitaanzia kwa Mama.

Mumeo

* * *

Kwa Mama, 6 Aprili

Kwako mkwe wangu,

Mkono wangu umeshasahau kalamu, utanivumilia. Ningekuja mwenyewe, lakini miguu imegoma na jambo lenyewe haliwezi kungoja miguu.

Mwanangu alifika juzi. Nilidhani amefukuzwa kazi, maana alikuja na kuanza kuosha vyombo bila kuombwa, na tangu azaliwe hajawahi. Nikamwacha aoshe. Alipofika kwenye sufuria akasema, akiwa amenipa mgongo, "Mama, si yeye."

Nikasema, "Nani si yeye?"

"Mke wangu. Si yeye. Ni mimi."

Nikamwambia asitake kukufunika. Akageuka, mikono ina povu, akanieleza yote, habari ya kipande kinachokosekana, habari ya kupasuliwa, na kwamba wewe ulijua na ulinyamaza kwa sababu alikuomba. Sikuyaelewa yote. Nilichoelewa ni kwamba nimekuja nyumbani kwako na maneno yangu mara nyingi, nawe ukanimiminia chai.

Nilimuuliza kama ni mimi niliyempa pengo hilo tumboni. Akasema hapana, Mama, hutokea tu. Sijui kama ni kweli au ananihurumia. Ukijua, niambie ukweli, mimi ni mtu mzima.

Nina swali jingine, usinicheke. Hao watoto walio kwenye mashine ya barafu, baridi haiwaumi?

Nilikusema mbele ya watu wengi. Kila niliposema, nitapita tena, nitawaambia nilikosea, kwamba si wewe.

Nimekutumia blanketi. Kama haliwezi kuwafunika wao, basi jifunike wewe.

Mama mkwe wako

* * *

Nyumbani, 10 Aprili

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Blanketi limefika. Nalitumia mimi.

Baridi haiwaumi. Nami niliuliza swali hilohilo, na waliniambia bado hawana cha kuhisia. Na si wewe uliyempa mwanao pengo hilo. Kromosomu hiyo hutoka kwa baba, nayo mara nyingi hukatika yenyewe wakati mtoto anatungwa, bila kosa la mtu yeyote. Huo ndio ukweli. Siupaki rangi.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usipite kwa hao watu. Ukiwaambia si mimi, watauliza ni nani, na mtaa mzima utakuwa na jibu kabla hujafika kwako. Hata nami mkewe analizungumza kwa shida. Aliyekuambia wewe ni yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Na wengine tumwachie yeye. Wakikuuliza, waambie hayawahusu. Hilo tu. Nitashukuru kuliko ungenisafisha kwa ndoo nzima ya maneno.

Tarehe ya kupandikizwa imekaribia. Yeye yuko hapa nami, anachomelea geti la jirani kwa kuwa hawezi kukaa bila kazi.

Mkweo

* * *

Nyumbani, 9 Mei

Mume wangu,

Nimekupigia, mtandao haukupatikana, na pengine ni heri. Keti kwanza.

Hakushika.

Damu ilianza kabla ya siku ya kipimo, lakini nilikwenda kupima hata hivyo, kwa ukaidi. Nesi alisema, "Pole, hakikushika." Nikamwambia, "Hakushika." Akadhani sikusikia, akarudia. Sikubishana naye tena. Ana kazi yake.

Nilirudi dukani mchana huohuo. Mteja mmoja alikuwa anajaribu fremu, ananiuliza kama inampendeza. Nikamwambia inampendeza. Ilimpendeza kweli. Nikaenda nyuma ya pazia, mahali pa kupimia macho, nikazima taa nikakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa.

Unajua kinachoniuma? Nilipendekeza aachwe kabla sijamjua. Siku ile walipomweka, nawe ukanishika mguu kwa sababu mkono ulikuwa na mipira ya dripu, nilimwambia kimoyomoyo anisamehe, kwamba nilikuwa nakisia tu. Nilidhani nitapata muda mrefu wa kumwonyesha.

Mama yako amekuja. Amefagia uwanja mpaka hakuna cha kufagia, sasa anafagia vumbi lenyewe.

Wako

* * *

Kambini, 17 Mei

Mke wangu,

Nimeipata. Niliisomea chini, maana uliniambia nikae, kisha nikapanda kazini. Kule juu nililia. Kioo cha kreni kina kifutio kimoja tu cha mvua, nacho kiko nje.

Wa redio akaniuliza mbona sishushi. Nikasema nipe dakika. Baba Mapacha alikuwa chini anaongoza mzigo. Nadhani alielewa, kwa sababu nilimwona anawaambia wengine wapumzike, anajifanya kamba imelegea.

Usijipe kesi. Uliulizwa swali ambalo hakuna mzazi wa zamani aliyewahi kuulizwa. Ulijibu kama mama. Ulipojua zaidi ukajibu tena kama mama. Mtoto gani angekushtaki?

Na mimi sikia nikuambie. Nilipotoka hapo mwezi uliopita nilikuwa naogopa kwamba akizaliwa nitamtazama nitafute kasoro. Sasa nimemlilia, na katika kulia kwangu kasoro haikuwemo hata kidogo. Nilimlilia mwanangu.

Wako wawili bado. Lakini mwili ni wako, na mimi siwezi kuupangia nikiwa huku juu. Ukisema tujaribu tena, nitakuja nikushike mguu. Ukisema imetosha, imetosha, na mtu atakayekuuliza nitamjibu mimi. Nimeanza kuzoea.

Kula. Mama akikulazimisha, mkubalie.

Mumeo

* * *

Nyumbani, 2 Novemba

Baba,

Nakuita hivyo, nataka nione kama utaitika.

Leo tumekwenda kwenye kipimo cha picha cha huyu wa pili aliyeshika, mimi na Mama. Amevaa viatu vyake vya harusi za watu. Aliingia nami chumbani bila kuulizwa, akavuta kiti, akamtazama mpimaji kama mwalimu anayemsimamia mwanafunzi kwenye mtihani. Yule mpimaji ni mgeni, hajui habari zetu. Akapaka ile jeli, akazungusha kifaa chake, akaonyesha uti wa mgongo, akaonyesha mguu. Mguu ni mrefu. Mama akasema, "Maskini, huyu nguo hazitamtosha."

Kisha mpimaji akatabasamu akauliza, kama wanavyomuuliza kila mtu, "Mngependa kujua ni wa kike au wa kiume?"

Karibu swali lilelile, chumba kingine, na yeye ameliuliza kama anauliza sukari vijiko vingapi. Mama ndiye aliyejibu. "Huyu tunamjua vizuri," akasema. "Tunamngoja aje tu."

Mpimaji akacheka, akadhani ni utani wa bibi. Mimi nikalia, akanipa karatasi, akasema wengi hulia.

Daktari amesema kila kitu kiko sawasawa. Moyo wake unakimbia mbio. Ameniambia ndivyo inavyotakiwa, ila wangu ndio nijitahidi kuutuliza. Tulipokuwa tunaondoka akatuuliza kama tumeshafikiria ni nani atakayemweleza mtoto, na lini. Nikamwambia hatujaongea. Mama akanitazama, akatazama pembeni.

Basi tuongee. Nani atamwambia? Mimi naweza, lakini sitaki azoee kusikia habari za baba yake kwa mdomo wa mama.

Mkeo

* * *

Kambini, 8 Novemba

Mama,

Nimeitika.

Nitamwambia mimi. Sitangoja awe mkubwa, wala sitamwita chumbani na kufunga mlango. Nitaanza akiwa mdogo, wakati anauliza kwa nini ana miguu yangu, kwa nini ana paji la uso la bibi yake. Nitamwambia kuna kitu kingine kidogo nilichompa, hakionekani, hakiumi, na siku akikutana nacho mimi nilishakutana nacho kabla yake. Nitamwambia tulijua tangu mwanzo na tukamtaka. Nitamwambia mara nyingi, mpaka achoke kusikia, mpaka aseme, "Baba, nimeshajua." Siku hiyo ndipo nitakaponyamaza.

Wamenipa likizo bila malipo hadi baada ya kujifungua. Baba Mapacha atanishikia kreni. Nimemfundisha, na mkono wake si mbaya.

Nafika Ijumaa. Usinyanyue ndoo yoyote mpaka nije.

Mumeo